Vijiko Vitatu vya Uwatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi mbili: kufagia nyuzi chini ya cherehani ya mama yake, na kumtengenezea kikombe cha uwatu. Kijiko kimoja cha unga wa mbegu zake, maji ya moto, kifuniko juu. Jina la Sindano binti huyo alipewa na wateja wa mama yake kwa ajili ya wembamba wake, nalo likamganda mpaka walimu wakalizoea.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amefika umri ambao hedhi ya mwanamke inakaribia kukoma. Joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, akatota jasho hata siku ya baridi. Usiku usingizi haukuja. Mchana alitafuta mkasi mezani, kumbe ameushika mkononi. Muuguzi wa zahanati alimruhusu uwatu wa kutuliza joto hilo, lakini kijiko kimoja tu kwa siku, kwa sababu alikuwa anatumia vidonge vya presha.

Ijumaa moja Fundi alikuja darasani kuwapima wanakwaya, maana ndiye aliyepewa kazi ya kushona sare zao. Joto likampanda hapo hapo. Akaketi, akaomba daftari, akaanza kujipepea huku jasho likimchuruzika shingoni.

"Sindano, mama yako katoka kwenye mbio?" akauliza Kasuku, msichana ambaye mdomo wake haukujua mapumziko.

Darasa likacheka. Sindano naye akacheka. Mama yake alimtazama mara moja tu, kisha akaendelea kupima.

Siku ile Sindano alirudi nyumbani na aibu mbili. Alimwonea mama yake aibu, na akajionea aibu mwenyewe kwa kile kicheko. Jumatatu Fundi angerudi kuwajaribisha watoto sare zao. Sindano akawaza hivi: kama kijiko kimoja kinatuliza kidogo, vitatu vitamaliza kabisa. Akili ya haraka hiyo. Kesho yake akatia vitatu, akaongeza asali ili ukali usijulikane. Jumapili akarudia.

Uwatu haukumsikiliza. Tumbo la Fundi likavurugika, akawa mtu wa chooni. Jasho lile ambalo Sindano alitaka likauke sasa lilinuka uwatu chumba kizima. Fundi alikata mikono ya gauni, na alipoilinganisha akakuta yote miwili ni ya kulia. Akasema, "Leo sijielewi," akainuka, akayumba, akaanguka juu ya vitambaa. Jirani ndiye aliyesaidia kumfikisha zahanati.

Muuguzi alimpima presha, akakunja uso. "Imeshuka sana. Umekunywa nini?"

"Vidonge vyangu vile vile, na uwatu kijiko kimoja," Fundi akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi vidonge vimekuzidi. Itabidi nivipunguze."

Sindano alisimama mlangoni. Akinyamaza, aibu yake itabaki siri, lakini mama yake atapunguziwa dawa isiyo na kosa lolote.

"Si kijiko kimoja," akasema. "Ni vitatu. Nilitia mimi."

"Kwa nini, mwanangu?" mama yake akauliza.

Hilo ndilo swali aliloliogopa. "Ili kesho usitoke jasho mbele ya wenzangu. Nilikuwa naona aibu."

Mama yake akageuzia uso ukutani. Sindano alitamani agombezwe.

"Umefanya vibaya, ila umesema kwa wakati," muuguzi akamwambia. "Ningempunguzia vidonge, kisha presha ingempanda bila sisi kujua kisa. Sikia. Mwili wa mwanamke una homoni, na umri huu zinapungua, ndiyo maana joto linampanda. Hapo hakuna cha kuchekwa. Mpikie maharage, mboga za majani na dagaa, maziwa asikose, umsaidie kazi apate kulala. Uwatu auache kwanza mpaka nimwambie. Mitishamba nayo ni dawa, na dawa ina kipimo chake."

Jumatatu haikuwezekana, lakini Jumatano Fundi alifika shuleni na sare. Alipoanza kuwavalisha, joto likampanda. Kasuku akafungua mdomo. Sindano akawahi kuleta kiti, akachukua daftari lake mwenyewe, akampepea.

"Mama yangu anapandwa na joto," akasema, uso ukimwaka. "Siku moja litatupanda hata sisi, Kasuku. Njoo ushike utepe wa kupimia."

Kasuku akashika utepe.

Njiani kurudi nyumbani, Fundi alimshika mwanawe bega.

"Jasho ni langu, na halinitii aibu. Kilichoniuma ni kicheko chako," akasema. "Lakini pale zahanati ulisema kweli iliyokuaibisha, na kweli ile ikaniokoa. Jambo likikusumbua, usilifiche. Siku nyingine ukinionea aibu, niambie mimi. Usikiambie kikombe."