Meno ya Jepkorir Yalisema Kweli

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Jepkorir alisimama kando ya tangi la maji nyuma ya nyumba yao huko Kiminini, akapiga mswaki kwa nguvu zake zote. Mama yake, aliyekuwa na duka dogo karibu na barabara, alimsifu mbele ya wateja. "Huyu wangu anapenda usafi!"

Mama hakujua sababu. Kila jioni Jepkorir alimaliza kazi za shule, akala ugali mwingi, kisha akajitupa kitandani papo hapo. Alfajiri aliamka na maji machachu, makali, yakiwa yamempanda kooni hadi mdomoni. Aliona haya. Alidhani ni uchafu, na uchafu husuguliwa. Basi alisugua.

Katika muhula wa pili, maji baridi yalianza kumuuma meno. Siku moja wakicheka uwanjani, rafiki yake Mukami alimkazia macho.

"Hebu fungua mdomo. Jepkorir, meno yako ya mbele yamekuwa kama glasi! Naona mwanga ukipita kwenye ncha."

Tangu hapo Jepkorir hakucheka tena mbele ya watu. Mama aliligundua hilo, akamwinua kidevu na kuyatazama yale meno.

"Si nilikukataza peremende za dukani?" alifoka. "Ati unachukua nikigeuka?"

"Sijachukua hata moja, Mama."

"Basi ni nini kinachokula meno yako?"

Jepkorir aliona afadhali aitwe mwizi kuliko kusema kwamba chakula humrudia mdomoni.

Jumamosi Mama alimpeleka Kitale kwa daktari wa meno, Daktari Wabwile, mzaliwa wa Bungoma aliyezungumza kwa upole. Alimlaza Jepkorir kwenye kiti kirefu, akaingiza mdomoni mwake kamera nyembamba kama kalamu. Mara jino likatokea kwenye skrini ukutani, kubwa kama mlango.

Jepkorir alisahau woga. Hilo lilikuwa jino lake? Lilikuwa na miinuko na mabonde, kama Mlima Elgon unavyoonekana asubuhi isiyo na mawingu. Hakuwahi kufikiri kwamba anabeba kitu kizuri hivyo mdomoni.

Daktari alisogeza kamera nyuma ya meno ya juu ya mbele. Huko hapakuwa na miinuko. Palikuwa laini, pamelika, na rangi ya manjano imeanza kujitokeza.

"Ni peremende, Daktari," Mama alisema. "Ananiibia dukani."

"La, Mama. Peremende huleta mashimo, na hapa sioni shimo hata moja. Meno haya yamelika upande unaoelekea kooni. Asidi iliyoyala haikutoka dukani. Imetoka tumboni."

Siri ambayo Jepkorir hakumwambia mtu, meno yake yameisema! Machozi yakamtoka, naye akaeleza yote. Mama alimshika mkono.

"Hiyo asidi haichomi tumbo?" Jepkorir aliuliza baadaye.

"Tumbo lina utando unaolilinda," Daktari alijibu. "Jino lina enameli, hili ganda jeupe la nje. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho mwilini mwako. Kinashinda hata mfupa. Lakini kikiisha, hakioti tena."

"Na mimi nilikuwa nasugua kwa nguvu nikidhani natoa uchafu!"

"Hukujua. Asidi hulainisha enameli. Ukiisugua wakati huo, unaiondoa. Sukutua kwa maji, teme, kisha ngoja kama saa moja kabla ya kupiga mswaki. Mate yako yana madini yanayoikaza tena."

"Mate?" Jepkorir alishangaa. "Haya haya?"

"Haya haya. Mchana kutwa yanakufanyia kazi na hujawahi kuyashukuru."

Daktari aliyapaka meno dawa ya floridi ya kuyakaza, akafunika ncha zilizokuwa nyembamba kwa kijazo cha rangi ya meno. Kisha akawaelekeza kwa daktari wa tumbo, ambaye alimpa Jepkorir dawa na kumkataza kulala mara tu baada ya kula. Nyumbani, Mama alianza kupika mapema, na Jepkorir akawa anakula akiwa na muda mrefu wa kukaa kabla ya kulala. Polepole, maji machachu yakaacha kumpanda.

Waliporudi Kitale miezi kadhaa baadaye, Daktari Wabwile aliweka picha ya zamani na mpya pamoja kwenye skrini. Kilichokuwa kimelika hakikurudi, lakini hapakuwa na kipya kilicholika. Mama aliyatazama yale meno makubwa.

"Kitu kigumu kuliko mfupa," alisema, "kumbe kinaweza kuisha kimyakimya kwa sababu mtoto aliona haya kusema, na mama alilaumu badala ya kuuliza. Nisamehe, mwanangu. Na wewe, mwili ukikuambia jambo, usilifiche. Ugonjwa si aibu. Aibu ndiyo inayoupa ugonjwa nafasi ya kutula."