Mluzi Ndani ya Bomba

Uyoga ulianza kuota shingo ndefu siku ya tatu baada ya feni kunyamazishwa.

Mwenye uyoga huo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Uyoga, hakushtuka mara moja. Alikuwa ameulima miaka minne katika chumba cha nyuma, kwenye mifuko ya vumbi la mbao iliyopangwa juu ya rafu, na alijua tabia zake. Uyoga hupumua kama sisi: huvuta hewa safi na kutoa hewa nzito, ile ya kabonidioksidi. Hewa nzito ikijaa chumbani, uyoga hunyoosha shingo kama mtu anayetafuta dirisha, na kofia zake hubaki ndogo kama vifungo vya shati. Ndiyo maana palikuwa na feni ukutani ya kuitoa nje, na kipimo kidogo cha kushika mkononi kilichoonyesha namba. Hewa ya nje ilisoma mia nne na ishirini. Chumbani, ikipita elfu moja, ujue pana kasoro.

Asubuhi hiyo ilisoma elfu tatu. Na shingo zote, rafu zote, zilikuwa zimeinama upande mmoja, kuelekea kwenye feni.

Alimwita mumewe, Fundi. Alikuwa seremala, na ndiye aliyeinyamazisha feni ile. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Alilala mchana, na bomba la feni lilitokea nje chini ya dirisha lake. Alivumilia ngurumo mwaka mzima, kisha akamwendea mwenye nyumba, naye mwenye nyumba akasema feni inyamaze au wahame. Basi Fundi akatengeneza sanduku la mbao, akalibandika kwa ndani sponji la godoro kuukuu, akaifunika feni, akiacha matundu ya hewa pembeni. Ili kuhakikisha sauti haipenyi, aliizima, akamwacha mkewe chumbani ametega sikio kwenye sanduku, naye akatoka nje, akaweka mdomo kwenye bomba na kupiga mluzi. Mkewe hakusikia kitu. Fundi alirudi anacheka, akisema godoro lile lilimnyima yeye usingizi miaka kumi, sasa angalau litamlaza jirani.

Leo hakucheka. Alisimama mlangoni ameshika fremu, anahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia la saruji.

“Una nini?” mkewe akamuuliza.

“Kifua tu. Tangu juzi.”

Alifungua kifuniko cha sanduku, akatazama, akakifunga. Feni ilikuwa inazunguka na upepo unapita. Hapakuwa na kilichoziba.

Mama Uyoga alifanya kama afanyavyo mtu makini: aliondoa sababu moja baada ya nyingine. Alifungua dirisha, namba haikushuka. Alipunguza mifuko, ikapanda. Mwishowe alivuna kila kitu, akaitoa mifuko yote uani, akasugua rafu kwa sabuni, akafunga mlango na kwenda kupika. Chumba kitupu hakipumui. Hilo hata mtoto mdogo analijua.

Baada ya chakula cha mchana alifungua mlango, na kipimo kikasoma elfu nne.

Alibaki pale katikati ya rafu tupu, jua la mchana likiwa limesimama kwenye wavu wa dirisha, na kadiri alivyotazama ile namba ndivyo alivyoona kwamba haikupanda polepole kama inavyopandishwa na uyoga, bali ilipanda, ikatulia, ikashuka kidogo, ikapanda tena, kwa mwendo ule ule wa kifua cha mtu aliyelala, na ndipo alipoisikia sauti yenyewe, nzito, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, ikitoka ndani ya sanduku ambamo hakuna mtu angeweza kuenea, na pamoja na sauti ikaja harufu, si ya uyoga wala ya sabuni, bali ya karafuu, zile karafuu ambazo mumewe alizitafuna kila siku baada ya kula.

Alitoka kinyumenyume. Fundi alikuwa bado mezani, midomo imepauka, hajagusa karafuu zake. Mkewe alimsogezea kipimo hadi puani.

“Pumua.”

Fundi akapumua. Pumzi ya mtu hurusha namba ile papo hapo. Mama Uyoga mwenyewe alishawahi kuijaribu kwa mchezo. Sasa haikutikisika. Mia nne na ishirini, kana kwamba mbele yake hakuna mtu.

“Siku ile ya mluzi,” Fundi akasema taratibu, “si ulinijibu? Nikadhani unanitania, nami nikakujibu.”

“Mume wangu, mimi sijui kupiga mluzi.”

Shangazi yake Fundi alikuwa mganga, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alifika alasiri hiyo hiyo, akanusa chumba, akagonga sanduku kwa kidole. Alisema jini la upepo hupita kwenye matundu siku zote bila kumdhuru mtu, mpaka aitwe na ajibiwe. Huyu aliitwa, akajibiwa, kisha akafungiwa kwenye godoro la mtu na kuachiwa pumzi ya mtu huyo huyo.

“Useremala wako mzuri, mwanangu,” akasema. “Umemjengea nyumba.”

Walilibomoa sanduku. Fundi aliketishwa nje, uso kwenye mdomo wa bomba, apokee kilicho chake kitakapotoka. Shangazi aliwapa onyo moja tu: jini akipiga mluzi, asijibiwe na yeyote.

Mama Uyoga akawasha feni. Ngurumo ya zamani ikatikisa ukuta. Fundi alikohoa, akavuta pumzi, akavuta nyingine ndefu zaidi, na rangi ikaanza kumrudia. Ndani ya ngurumo ukaja mluzi mwembamba, mtamu, wenye kubembeleza. Fundi aliuma midomo hadi ikatoka damu. Mluzi ukaja tena, kisha ukapanda juu ya vichwa vyao, ukakoma.

Chumbani namba ilishuka hadi mia nne na ishirini. Mbele ya mdomo wa Fundi iliruka hadi elfu mbili, na mkewe akaketi chini akalia kwa furaha.

Ndipo muuguzi aliposhuka, amejifunga shuka. Mama Uyoga alisimama kumwomba radhi kwa kelele na kumweleza kwamba mumewe alikuwa mgonjwa, lakini jirani hakuwa na hasira. Alisema atavumilia, mradi Fundi amepona.

“Ila shemeji, kumbe unajua kupiga mluzi,” akaongeza, anatabasamu. “Nilikusikia hapo dirishani. Nikashindwa kujizuia, nikakujibu.”

Shangazi, aliyekuwa akifunga kifurushi chake, akaacha kufunga.

Muuguzi alishika ukuta, akacheka kidogo, akasema ngazi za leo zimemchosha ajabu. Akainama karibu kabisa atazame kile kipimo mkononi mwa Mama Uyoga, akakipulizia kama mtoto anayepuliza mshumaa.

Namba ilibaki mia nne na ishirini.