Sauti Ndani ya Kisanduku Cheusi

Mungu anisamehe, rafiki yangu Arttu nilimwita bahili. Kompyuta yake ina programu ya kumletea alama za michezo, na pembeni mwa skrini kuna kisanduku cha matangazo. Humo kaka yake, Ilkka, alikuwa akiuza matairi ya msimu wa barafu. Alirekodi tangazo lile kwa sauti yake mwenyewe, na kabla ya Krismasi, akivuka ziwa lililoganda, barafu ikapasuka chini ya gari lake. Tulimzika. Tangazo halikukoma.

"Si ulipie liondoke, bahili wewe!" nikamwambia.

"Niwalipe wenye programu ndipo wamwache kaka yangu apumzike? Senti yangu hawaioni!"

Akatafuta mwenyewe anwani ya matangazo yale, akaifungia njia ndani ya kompyuta. Ilikuwa alasiri ya Januari, na hapa Oulu, mji wetu wa kaskazini ya mbali, giza lilikuwa limeshaingia. Akawasha programu. Alama zikaja kama kawaida, kisanduku kikabaki cheusi. Arttu akacheka. Ndipo akasikia barafu ikilia, kama inavyolia ikilemewa na mzigo. Akachomoa spika. Ikazidi kulia.

"Arttu," ikasema sauti ya Ilkka, "nani amezima taa?"

Anasema kizuizi hakukigusa.

"Ni mimi, kaka. Umeshawamalizia kazi yao. Lala."

Barafu ikanyamaza. Tangu siku hiyo, kila akifungua programu ile, ndani ya weusi ule mtu hukoroma taratibu. Ukienda kumtembelea Arttu, nakuomba uongee kwa sauti ya chini.