Barua Hakuna, Bibi

Kila siku alfajiri, Bibi aliamka kana kwamba kazi ingali inamngoja. Alinawa uso, akafunga kitambaa kichwani, kisha akaanza kupiga pasi sare ya shule ya mjukuu wake. Aliipiga kama alivyozoea kupiga mashuka ya hospitali, kona kwa kona, bila kuacha kunyanzi hata moja.

"Bibi, mimi si shuka la wodini," mjukuu alilalamika kutoka kitandani.

"Ungekuwa shuka ningefurahi," Bibi alijibu. "Shuka halisemi."

Mjukuu huyo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wazazi wake walifariki angali mchanga, na Bibi ndiye aliyemlea. Bibi naye alikuwa na jina lake la kazini, Mama Mashuka. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa msimamizi wa chumba cha nguo katika hospitali ya serikali. Alipokea mashuka yenye damu na dawa, akayafua, akayashona yaliyochanika, akayarudisha wodini meupe. Wauguzi walisema mgonjwa akilala kwenye shuka la Mama Mashuka, nusu ya ugonjwa inakimbia.

Sasa Bibi alikuwa amestaafu. Siku ya kuagwa, afisa wa pensheni aliwakusanya wastaafu wote na kuwaeleza mambo yatakavyokwenda.

"Malipo yenu ya kwanza yataingia benki mwishoni mwa mwezi ujao," alisema. "Faili lako likiwa na kasoro, tutakuandikia barua. Usipoona barua, ujue mambo ni shwari. Msije kupanga foleni bure."

Bibi aliyashika maneno hayo kama alivyozishika sheria zote za kazi.

Malipo yale alikuwa ameshayapangia shughuli moja. Dada yake mkubwa, aliyeishi mwendo wa siku mbili kwa basi, alikuwa anaumwa moyo. Mama yao alipokufa, dada huyo ndiye aliyeacha shule, akambeba Bibi mgongoni na kulima vibarua mpaka mdogo wake akamaliza masomo. Walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Mshahara wa mwisho wa Bibi ulikwisha kwenye paa lililokuwa likivuja na ada ya Chiriku, kwa hiyo nauli ilibidi isubiri pensheni.

"Utakuja lini?" dada aliuliza kwenye simu.

"Nikipata pensheni tu, dada yangu. Siku hiyohiyo nakata tiketi."

"Basi iambie serikali yako iharakishe," dada alisema huku akicheka na kukohoa. "Faili langu mimi limeshafika mezani kwa mkubwa."

"Achana na maneno hayo!" Bibi alimkemea, lakini naye alicheka.

Barua za mtaa ule zilipitia sanduku la posta la shule, na ziligawiwa kila Ijumaa. Ijumaa moja, mwalimu wa darasa alimpa Chiriku bahasha ya kaki yenye mhuri wa serikali.

"Ni ya bibi yako," mwalimu alisema. "Nenda nayo moja kwa moja. Usipite popote."

"Sawa, mwalimu."

Chiriku aliitia kwenye mkoba wake wa kitambaa, akaondoka mbio. Lakini alipofika uwanjani, wenzake walikuwa wakicheza mpira wa pete, na timu moja ilipungukiwa mtu.

"Chiriku, njoo! Mchezo mmoja tu!"

Aliuweka mkoba kwenye nyasi, akaingia. Mchezo mmoja ukazaa wa pili, na wa pili ukazaa wa tatu. Ghafla mvua kubwa ikamwagika. Wasichana walikimbilia kwenye baraza la madarasa, wakisukumana na kucheka. Chiriku alipoukumbuka mkoba, maji yalikuwa yanapita juu yake.

Aliufungua haraka. Bahasha ilikuwa imelowa chapachapa. Wino ulikuwa umetawanyika, na kila alipojaribu kutenganisha karatasi, zilimomonyoka vidoleni. Hakuna neno hata moja lililosomeka. Chiriku alitazama huku na huku, akaingia kwenye choo cha shule na kulitupa lile rojorojo shimoni.

"Umelowa hivyo, ulikuwa wapi?" Bibi aliuliza alipomwona mlangoni.

"Nilikuwa najikinga mvua shuleni."

"Njoo ujifute usije ukapata homa. Barua hakuna?"

Chiriku aliuficha uso kwenye taulo.

"Hakuna, Bibi."

"Vizuri," Bibi alisema, na uso wake ukang'aa. "Barua hakuna, shida hakuna."

Chiriku alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika, akasema keshokutwa. Na kila Ijumaa Bibi aliuliza swali lilelile, naye akatoa jibu lilelile. Uongo wa kwanza ulimtoka kwa taabu. Wa nne ulitoka wenyewe.

Mwezi ukaisha. Bibi aliiweka simu mezani tangu asubuhi, akakaa karibu nayo akishona vifungo vya blauzi. Ujumbe wa benki haukuja. Jirani yao, aliyekuwa mpishi wa wodi na kustaafu siku moja na Bibi, alikuja mbiombio.

"Yangu imeingia jana! Yako je?"

"Yangu inakuja kwa miguu," Bibi alisema. "Tena nadhani ina mguu mmoja mbovu."

Walicheka wote wawili. Chiriku hakucheka. Siku hizo alikuwa amepoa, hata mpishi akamuuliza kama meno yanamuuma.

Mwezi wa pili nao ukayoyoma. Sauti ya dada kwenye simu ilikuwa ikipungua kila wiki, kama redio inayoishiwa betri. Jioni moja aliomba kuzungumza na Chiriku.

"Nasikia wewe ndiye bingwa wa hadithi," alisema kwa shida. "Mje upesi, mjukuu wangu, unisimulie mbili tatu. Nyumba yangu imekuwa kimya mno."

Chiriku aliishika simu kwa mikono miwili. Alimrudishia Bibi simu akatoka nje.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mpishi alimwambia Bibi mwezi ulipokwisha bila malipo. "Nenda ofisini ukawaulize ana kwa ana."

"Walisema wakiwa na tatizo wataandika. Na barua haijaja."

"Barua! Wewe nenda. Au nikukopeshe nauli uende kwa dada yako?"

Bibi alifikiri. Hakuwahi kukopa maishani mwake. "Nitakwenda ofisini Jumatatu," alisema mwisho. "Huenda ni siku chache tu zimebaki."

Jumamosi asubuhi simu ililia. Alikuwa mtoto wa kiume wa dada.

"Mama mdogo," alisema. "Mama ametuacha alfajiri. Tunazika leo alasiri."

Simu ilimponyoka Bibi. Mpishi alipofika na majirani wengine, walimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Hakupiga kelele. Machozi yalishuka tu, yakifuata mikunjo ya uso wake. Hakuna basi ambalo lingemfikisha kule kabla ya alasiri, na hilo alilijua.

Mchana, majirani walipopungua, Bibi alianza kusema kwa sauti ndogo.

"Kosa ni langu. Ningekopa nauli. Dada yangu alinibeba mgongoni, mimi nikashindwa kukopa nauli kwa sababu ya kiburi. Ni mimi niliyemwacha afe akinisubiri."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Aliyasikia maneno hayo, na kila moja likamchoma. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna mtu duniani atakayegundua. Lakini Bibi angebeba mzigo usio wake mpaka siku ya kufa. Alikiweka kikombe chini, akapiga magoti.

"Bibi, si wewe. Ni mimi."

"Nini tena, mtoto wangu?"

"Barua ilikuja. Zamani. Mwalimu alinipa. Nikacheza mpira, mvua ikanyesha, ikalowa yote. Nikaitupa chooni." Alilia hata maneno yakakatikakatika. "Kila Ijumaa nilikudanganya. Kila Ijumaa, Bibi."

Chiriku alingoja kofi, na moyoni alitamani lije. Halikuja. Bibi aligeuza uso, akatazama ukuta.

"Niache kidogo," alisema. "Sasa hivi sina maneno."

Jumapili nzima nyumba ilikuwa nzito. Bibi alipika, akapakua, akapiga pasi sare kama kawaida, lakini hakutania. Chiriku alikula bila kuinua macho.

Jumatatu walikwenda wote wawili ofisi ya pensheni. Karani alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, kazungukwa na mafaili mpaka kidevuni. Alilivuta faili la Bibi kutoka kwenye rundo la pembeni.

"Mama, tulikuandikia," alisema. "Tarehe ya kuzaliwa kwenye barua yako ya ajira si sawa na ya kwenye kitambulisho. Tulikupa siku thelathini uje na kiapo. Hukuja, ndiyo maana faili likawekwa kando. Barua hukuipata?"

Bibi alifungua mdomo, lakini Chiriku alimtangulia.

"Ilifika, mama. Nilipewa mimi. Niliiharibu, halafu nikamficha Bibi. Yeye hana kosa."

Karani alivua miwani, akamtazama mtoto, kisha akamtazama bibi yake mwenye kitambaa cheusi kichwani.

"Nitawapa nakala," alisema polepole. "Kapate kiapo kwa hakimu, mama, ulete pamoja na cheti cha shule. Nitalipeleka faili mwenyewe kwa mkubwa. Mwisho wa mwezi ujao utalipwa, pamoja na ya nyuma yote." Kisha akamgeukia Chiriku. "Ungekuja siku ile barua ilipolowa, nakala hii ningekupa kwa dakika tano."

Dakika tano. Chiriku alitembea nazo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Karani alitimiza ahadi yake. Siku ya mwisho ya mwezi uliofuata, Bibi akianika nguo, simu ililia kwa ujumbe wa benki. Alijifuta mikono, akausoma mara mbili, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Imeingia," alisema. "Imeingia, na wa kumpigia simu hayupo."

Chiriku aliketi karibu naye. Hakujua kama anaruhusiwa kumgusa. Baadaye Bibi mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono, akamvuta.

Shule zilipofungwa, walipanda basi. Walisafiri siku mbili, wakafika wakiwa vumbi tupu. Mtoto wa dada aliwapeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kushikana na kuota majani machanga. Aliwaacha hapo wawili.

Bibi alipiga magoti, akang'oa majani moja moja. Chiriku naye akapiga magoti upande wa pili, akang'oa pia. Walifanya kazi hiyo mpaka kaburi likawa safi.

"Bibi," Chiriku alisema, "mimi ndiye niliyemuua?"

"Hapana. Aliuawa na moyo wake, na daktari alishasema. Usijitwike lisilo lako." Bibi alipangusa udongo viganjani. "Lakini mimi na yeye tulistahili kuonana, na siku hizo zilipotea. Lazima nikwambie ukweli huo, maana nikikuficha nami nitakuwa mwongo."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, mwanangu. Kulowa kwa barua hakukuwa dhambi kubwa. Ulichelewa kwa ajili ya mchezo, ningekugombeza, yangeisha. Miaka yote hospitalini wasichana wangu waliunguza mashuka kwa pasi. Aliyeniletea shuka likiwa bado linatoa moshi, tulikaa tukalishona pamoja. Aliyelificha chini ya rundo, siku moja mgonjwa alikosa shuka." Aliyatupa majani pembeni. "Kila mtu hukosea. Ukikosea, sema siku ileile, hata kama unatetemeka, kwa sababu siku ileile kosa bado lina dawa. Ukilificha linakua gizani, na likitoka halikuumizi wewe peke yako. Mimi nimekusamehe kwa moyo wote. Ila msamaha wangu haurudishi siku."

"Nimesikia, Bibi," Chiriku alisema.

"Najua umesikia. Ulisema mbele ya yule karani bila kusukumwa na mtu. Siku ile nilijua bado ninaye mjukuu." Bibi alimnyooshea mkono. "Sasa nisaidie kuinuka, magoti yangu nayo yamestaafu. Halafu ukae hapa kidogo. Alikuomba hadithi mbili tatu, msimulie."

Bibi alitembea taratibu kuelekea nyumbani. Chiriku alibaki peke yake kando ya kaburi, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaanza kusimulia.