Sauti za Nyuma

Jirani zangu wa Rumonge, na ninyi wa Kizuka mnaoshuka siku za soko, leo nitasema, na atakayekasirika akasirike. Mimi ni Kulthumu, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Mnanijua, sina kawaida ya kusemea pembeni. Nyumba ninayoisimulia imepakana na yangu, kwa hiyo msiniulize nimeambiwa na nani.

Ilikuwa nyumba ya amani. Amissi ni seremala, na kitanda alichokipiga Amissi hakilii hata miaka kumi ipite. Mkewe Hadjara anakamua mawese uani. Mama yake Amissi, Bibi Mwamini, alipatwa na kiharusi mwaka juzi, mguu wa kulia ukafa ganzi, wakampa chumba kinachofuatana na sebule ili awe karibu na watu. Mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa. Baada ya swala ya alasiri tulikuwa tunaingia wanawake wawili watatu, tunachambua maharage kando ya kitanda chake, naye anatutania mmoja baada ya mwingine. "Kulthumu, umenenepa. Zile ndagala unauza ao unakula?" Akitaka maji au kugeuzwa, aliita mara moja tu, na mtu alifika.

Basi Amissi akaenda Bujumbura kununua vanishi, akapita kwa ndugu yake mmoja mwenye uwezo. Kule akaonyeshwa sinema ya nyumbani: spika mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma ya watu, na moja kubwa ya besi chini sakafuni. Alirudi si yule tuliyemuaga.

"Dada Kulthumu, gari inatoka nyuma yako, inapita, inaenda mbele. Unageuka kabisa kuiangalia."

"Na ikishapita, umepata nini?" nikamuuliza.

Akaniangalia kana kwamba mimi ni mshamba aliyeshushwa jana kutoka mlimani.

Kutaka kitu si dhambi, jamani. Wala si lazima uwe tajiri ili usikie sauti nzuri nyumbani kwako. Melkiades, yule anayetengeneza redio karibu na maegesho ya basi, alimweleza vizuri, nami nilikuwepo. "Bwana Amissi, anza na bafle mbili za mbele, na ampli moja nzima. Waya nunua wa kweli, hata kama ni mfupi. Zile bafle za nyuma, utaongeza Mungu akijalia." Bafle ndiyo spika, kwa sisi wa huku, na ampli ni kile chombo cha kukuza sauti.

Lakini Amissi alizitaka zote kwa pamoja. Alisema spika mbili hata kinyozi anazo, nani atavuka barabara kuja kuzisikiliza? Hapo ndipo ugonjwa wake ulipokuwa. Hakutaka kusikia, alitaka kusifiwa.

Akaanza kubana matumizi. Masanduku ya spika alijitengenezea mwenyewe kwa mabaki ya mbao, na hapo nampa haki yake, yalikuwa mazuri. Baada ya hapo akili ikamtoka. Ampli alinunua kuukuu, feni yake imekufa. Waya akachomoa kwenye redio mbovu, mwembamba kama uzi wa kushonea, akaunga vipande kwa plasta ya kidonda. Ndiyo, plasta ile unayombandika mtoto akijikwaa. Na kwa kuwa waya haukutosha kufika kwenye spika za nyuma, ampli akaihamishia chumbani kwa mama yake, juu ya rafu, hatua moja kutoka kwenye mto wake.

Haikuishia hapo. Akaona kwenye simu kwamba wenzetu wa ng'ambo wanafunika kuta kwa sponji ili sauti isidunde. Sponji ni ghali. Sasa sikilizeni alichofanya huyu mtu mzima mwenye ndevu. Alikusanya makapi ya mawese, zile nyuzi zinazobaki Hadjara akishakamua chikichi, akayaanika, akayashindilia kwenye mifuko ya mchele, akaipigilia mifuko ukutani sebuleni na chumbani kwa mama.

Kuna mtu wa ufuko huu asiyejua kazi ya makapi? Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mvua inyeshe, makaa yalowe, ukiwa na fumba moja la makapi umewasha jiko.

Hadjara alimwambia, nami nikasikia kutoka kwangu. "Bwana wangu, ile iko ya kuwashia moto."

"Nimeianika siku ine. Mafuta imekauka."

"Haikaukagi. Mimi ndiye naikamua, mimi ndiye najua."

"Basi kamua, uniachie sauti."

Sikio la kufa halisikii dawa. Zikabaki spika mbili za nyuma, hazina pa kukaa. Akaufunga mlango wa Bibi Mwamini wa kuingilia sebuleni, akauziba kwa ubao mpana na misumari mirefu, spika akazitundika juu ya ubao huo, huku moja na huku moja. Bibi akabakiziwa mlango wa uani. Dirisha lake nalo likazibwa, kwa sababu sauti ilikuwa inatorokea huko. Akalizibia nini? Godoro la mama yake mzazi. Alilipasua katikati kwa kisu, nusu akamwachia, nusu akaijaza dirishani, akasema mtu mmoja hahitaji godoro lote.

Bibi Mwamini hakugomba. Nilipoingia kwake kupitia uani, nilimkuta gizani, mbavu ziko juu ya mbao, chombo kinavuma kichwani pake. Akasema, "Hiki kitu kinatoa joto, Kulthumu. Nimemwambia mutoto, anasema iko kawaida." Nikamjibu kwamba nitazungumza naye. Sikuzungumza naye. Nilikuwa nimechoka kuzungumza na Amissi, na hilo nitaulizwa mbele ya Mungu.

Jumapili aliyotualika kuangalia filamu, umeme ulikuwepo tangu asubuhi, jambo la kushukuru. Hadjara alikwenda Kizuka kuchukua chikichi. Kabla hajaondoka alisimama mlangoni akasema, "Mama anabaki peke yake. Akiita, umusikie." Amissi akaitikia bila kugeuka, alikuwa anapangusa spika.

Kufika saa tisa mchana sebule ilijaa. Majirani, wanunuzi wa vitanda, Melkiades aliyekuja kuona ushauri wake ulivyotupwa, na mimi pia. Msinitazame hivyo. Nilialikwa, nikaenda, nikakaa benchi la nyuma kabisa na sahani ya ndizi za kukaanga.

Filamu ilikuwa ya watu walionaswa ndani ya meli inayozama. Na niseme kweli, sauti ilikuwa ya ajabu. Maji yaliporomoka kushoto yakaenda kulia, chuma kikalia juu ya vichwa vyetu, watu wakainua miguu wasilowe. Amissi hakuitazama filamu hata dakika moja. Alikuwa anazitazama nyuso zetu.

Moshi tuliunusa. Ulikuwa moshi wa mawese, na hapa kwetu moshi wa mawese haumshtui mtu, ndiyo harufu ya mji. Kila mmoja alidhani kuna jirani anakaanga.

Kisha nyuma yetu kukagongwa. Gu, gu, gu. Na sauti ya mtu, nzito, imezibwa, kama inatoka chini ya maji. Ikaita, ikakatika, ikaita tena.

Amissi aliinua mkono tunyamaze. "Sikieni inavyotoka nyuma," akasema, uso unamng'aa. "Sikieni hiyo."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema hata Bujumbura hakuna. Na mimi, Kulthumu, niliyekuwa hatua tatu kutoka ubao ule, mdomo umejaa ndizi, nilisema, "Kweli, hii iko kama mutu hai."

Hatujui ilipita muda gani. Labda dakika tano. Halafu spika zote zikazima mara moja. Kwenye televisheni picha iliendelea, midomo ya wale watu inacheza bila neno. Kule nyuma mtu aliendelea kugonga.

Hakuna aliyesogea. Akili ilikataa. Kisha Amissi akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mwanamume, akaurukia ubao kwa mikono mitupu. Ubao haukutingishika. Nimewaambia, kwenye mbao Amissi hafanyi kazi mbovu. Misumari ile aliipiga ikae. Alivuta mpaka kucha zikatoka, na mifuko ya makapi upande wa pili tunaisikia inapasuka moto.

Melkiades ndiye aliyezungukia uani. Aliingia amejifunga puani kanga yangu iliyoloweshwa maji, akamtoa Bibi Mwamini kwa kumburuta juu ya ile nusu ya godoro. Bibi alikuwa chini ya ubao, fimbo yake ya kutembelea mkononi. Alijiangusha kutoka kitandani akatambaa kwa mguu mmoja mpaka mlangoni, mlango uliokuwa wake. Chumba kikateketea, sebule ikateketea, paa likaanguka. Nyumba yangu ilinusurika kwa ndoo za majirani.

Hakufa. Alilazwa hospitali majuma matatu, miguu imeungua, kifua kimejaa moshi, kauli haitoki. Amissi alikaa chini sakafuni kando ya kitanda, mikono imefungwa bandeji, halali, hali. Hadjara hakumsemesha. Nilipeleka uji kila siku kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani kwangu.

Siku kauli iliporudi, Amissi alilia akamuuliza, "Mama, kwa nini haukuita jina yangu?"

Alimjibu, kifua kinakoroma. "Niliita, mwanangu. Nikakusikia unawaambia watu wasikie. Nikasema alhamdulillahi, amenisikia, sasa anakuja."

Nilitoka nje na kikombe cha uji mkononi.

Binti wa Bibi Mwamini, Mariyamu, alikuja kutoka Muhuta akamchukua mama yake. Amissi huenda kila Ijumaa kumtazama. Mama yake humpokea kwa salamu na dua, humuuliza habari za kazi, hana kinyongo hata chembe. Akimwomba arudi Rumonge, nyumba imejengwa upya, mlango mpana, Bibi Mwamini humjibu kwa upole kwamba kwa Mariyamu akiita wanafika.

MAFUNZO

Ndugu zangu, sikusimulia habari za Amissi ili mumcheke. Anayetaka muziki nyumbani kwake na aununue. Aanze na kidogo kilicho kizima, ampli ikae mahali pa wazi penye hewa, waya uungwe na fundi, na asipigilie ukutani kitu ambacho mkewe anawashia jiko. Rahisi ghali, na mara nyingi anayelipa si aliyenunua. Mke anayekamua mawese akikuambia mafuta hayajakauka, hayajakauka. Mlango wa mgonjwa haufungwi kwa ajili ya sherehe ya wazima. Na usichukue kilicho chini ya ubavu wa mama yako ukakipamba ukutani ili wageni wakusifu.

Hayo ni ya Amissi. Yanayobaki ni yetu, sisi tulioketi. Tuliijua ile nyumba. Tulijua nani analala nyuma ya ule ubao, sauti yake tuliizoea miaka yote, alitutania kwa sauti hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kwenda kumsabahi kabla ya kukaa. Ukialikwa kwenye starehe ya mtu, anza kwa kumjulia hali mgonjwa wa nyumba hiyo. Mimi sikufanya hivyo. Nilimsikia akiungua, nikasifu.