Mwana wa Bi Mwatum

Fahd aliingia soko la Chake Chake akikokota sanduku kubwa la magurudumu, na soko lile halina urafiki na magurudumu. Sanduku lilikwama baina ya meza ya samaki na magunia ya muhogo. Watu walipita wakimpa pole tu, asisimame mtu ila msichana mmoja mwenye baibui jeusi na mtandio wa zambarau.

"Mgeni, sanduku hilo hapa hubebwa, halikokotwi," alimwambia. "Wenda wapi?"

Alimtajia Tibirinzi, nyumba ya Mzee Bakar seremala. Msichana alimtazama kuanzia viatu vyeupe visivyojua tope mpaka kofia yake ya Kiomani, kisha akacheka.

"Basi nifuate, mie bintiye. Na hivyo viatu viage mapema."

Huyo ndiye Khairat, mwalimu wa hesabu, umri miaka ishirini na minne, ulimi wembe. Fahd alikuwa na ishirini na saba, mhandisi wa Maskati. Alizaliwa Wete, mamake akafariki yeye angali mchanga, babake akamchukua Oman. Sasa alikuja kwa mwezi mmoja kulizuru kaburi la mamake, na babake, Mzee Humoud, alimpa wasia mmoja tu: asilale hotelini, afikie kwa Bakar, wale ni watu wao.

Mke wa Bakar, Bi Mwatum, alimpokea mlangoni kwa machozi. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamwita mwanangu, akamlisha pweza wa nazi na mkate wa kumimina mpaka mgeni akashindwa kuinuka. Khairat hakushangaa. Mamake aliwaita mwanangu wageni wote, hata wakaguzi wa shule waliowahi kulala pale.

Kilichomshangaza ni jambo jingine. Jioni ile walipokaa mkekani kula, yeye kajifunga mtandio sawasawa, mamake alimkemea.

"Wajifunika nini na huyu, kwa joto hili? Vua mtandio upate hewa."

Khairat hakuvua. Aliinamia sahani kwa haya, akajiambia kuwa mama kampenda mgeni na anataka awe mkwe. Fahd naye alifahamu hivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza, maana jibu walilojipa wenyewe liliwapendeza. Na Bi Mwatum akazidi kuwapoteza: aliwaacha barazani wawili peke yao, akawatuma pamoja Wete kaburini, jambo ambalo mama wa pale halifanyi kwa binti asiyeolewa. Walichukua yote hayo kuwa ni baraka.

Basi wakapendana. Khairat akipata mapumziko shuleni humpigia simu.

"Umeamka, mtu wa Maskati?"

"Zamani, mpenzi. Nimemkunia Bi Mwatum nazi."

"Nazi, au vidole?"

"Vyote viwili. Roho yangu, nikirudi Maskati sitaki kurudi peke yangu."

"Maneno ya simu hayo," Khairat alimjibu. "Mwanamume hutuma watu."

Fahd alituma watu. Wiki ya tatu, baada ya sala ya alasiri, jirani yao Mzee Nassor alikuja na barua ya posa, kwa kuwa mtu hajiposei mwenyewe. Mzee Bakar aliisoma, akaikunja, akaisoma tena. Kisha akamwita mkewe. Bi Mwatum alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoiona barua, kicheko kilikatika.

"Nassor, weye mtu mzima. N'tamuozaje nduguye? Fahd nimemnyonyesha mie. Mamake alikuwa kalala hajiwezi, nami nina mwanangu Jabir, Mungu amrehemu. Niliwanyonyesha wote wawili miezi mitatu. Kwani yeye hajui?"

Hakujua. Bi Mwatum alidhani Mzee Humoud kamweleza mwanawe, ndiyo maana kaja. Mzee Humoud alidhani Bi Mwatum atamweleza mwenyewe, kwa kuwa ziwa ni lake. Na sheria hii kila mtoto wa chuo cha Kurani anaijua: walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani abadani.

Khairat aliyasikia yote nyuma ya pazia. Hakulia pale. Alikwenda uani akapepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Fahd alimpigia babake. Mzee akakiri, kisha akalia, na Fahd hajapata kumsikia babake akilia. Akaenda kwa shehe, akitumai pengine hesabu ya kunyonya haitoshi kuwafanya ndugu, pengine ni mara mbili tatu tu. Shehe aliuliza ni muda gani. Alipoambiwa miezi mitatu, aliinamisha kichwa akamwombea subira.

Fahd alihamia gesti siku ile ile, bila kumuaga mtu. Khairat alidhani amekasirikiwa, akazima simu. Fahd alipokuta simu imezimwa, naye akadhani amechukiwa. Siku tatu zilipita hivyo, kila mmoja na jeraha lake, mpaka Bi Mwatum alipovaa baibui lake akaenda mwenyewe gesti kumtoa.

"Umenipa msiba, nami n'mekupa msiba," alimwambia. "Lakini mwanangu halali gesti nami ni hai. Twende nyumbani."

Alirudi. Kutoka chumba cha wageni alimpigia Khairat, aliyekuwa chumba cha pili, ukuta mmoja baina yao.

"Umenichukia?" alimuuliza.

"Ningalikuchukia ningalipona," Khairat alisema. "Kanipa mama ndugu, nami nilitaka mume. Sasa nilie kwa nani?"

Walisikilizana wakilia, kwa simu na kwa ukuta, mpaka chaji ikaisha.

Siku ya safari Khairat alimsindikiza uwanja wa ndege, kavaa baibui lake la kazini, macho yamevimba. Muda wote ule walikuwa hawajagusana hata ncha ya kidole, kwa kuogopa haramu. Pale mlangoni, mbele za watu, alinyoosha mkono wake.

"Nipe mkono, kaka," alisema. "Sasa ni halali."

Fahd aliushika, asiuachie. Afisa akamtaka pasipoti, akairudia kauli mara ya pili, na Fahd akaitoa kwa mkono wa kushoto.