Chupa za Mama Majani

Nyumba ya fundi seremala ilinukia vitu viwili: maranda ya mbao na majani yanayochemka. Majani yalikuwa ya mkewe. Aliyachemsha, akajaza maji yake kwenye chupa kuukuu, akaziweka chini ya kitanda. Mtu akijikata, hukimbilia kwake. Mtaa mzima ulimwita Mama Majani, naye alilipenda jina hilo.

Siku moja patasi ilimteleza fundi, ikamchoma mguuni.

"Tulia, baba. Dawa ipo," mkewe alisema. Akaliosha jeraha kwa maji ya chupa, leo na kesho na keshokutwa.

Mguu ukavimba, ukatoa usaha. Fundi hakulalamika.

Kisha dada yake fundi akaja kuwasalimu. Alifanya kazi katika maabara inayopima mimea ya dawa.

"Kaka, mbona unachechemea?"

"Viatu vipya hivi. Vinabana."

"Viatu gani? Si umevaa kandambili!"

Mama Majani akainamisha uso. Alijua mumewe anamsitiri.

Jioni hiyo hiyo walimpeleka hospitali. Daktari alisafisha jeraha, akampa dawa. "Mngezidi kuchelewa," alisema, "tungezungumza mengine."

Njiani Mama Majani aliuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, kumbe majani yangu ni bure?"

"Sijui. Ndiyo maana tunapima. Nipe majani mabichi, na chupa moja."

Baadaye wifi yake alimwita maabara, akamwonyesha sahani ndogo za kioo.

"Hapa tulipanda vijidudu vya vidonda. Tukaweka kikaratasi chenye dawa tuliyoikamua kwenye majani yako. Unaona duara safi? Hapo havikuota."

"Si nilisema!"

"Subiri, wifi. Duara la dawa ya hospitali ni kubwa zaidi. Tulipima jambo jingine pia: majani yana kitu kinachozuia uharibifu kama ule unaochachisha mafuta. Ni habari njema. Lakini sahani si mwili wa mtu. Hatujui kipimo chake, wala madhara yake."

"Na hii?" Sahani ya mwisho ilijaa madoa, kama mkate ulioota ukungu.

"Hapa hatukupanda kitu. Tulitia tone la chupa yako tu."

Mama Majani alitamani ardhi ipasuke immeze. "Yaani nilikuwa namwosha mume wangu kwa vijidudu?"

"Kuchemsha hakutoshi, wifi. Maji yakikaa kwenye chupa isiyo safi, vijidudu huzaliana."

Alirudi mtaani, akaenda nyumba kwa nyumba kukusanya chupa zake. Kwa jirani yake, fundi cherehani, alibisha hodi.

"Jirani, nirudishie ile chupa. Nilikupa kitu nisichokijua."

Jirani alimkazia macho. "Nimempaka mwanangu asubuhi. Ameungua mkono."

"Nisamehe. Mlete."

Waliuosha mkono kwa maji safi yanayotiririka, wakaufunika kwa kitambaa safi, wakaenda zahanati pamoja. Mtoto alitibiwa mapema, akapona.

Fundi naye alipona, akarudi kwenye mbao zake. Watu bado huja na majeraha.

"Osha kwa maji safi na sabuni, funika, nenda zahanati," Mama Majani huwaambia.

"Na majani yako?"

"Bado yanapimwa. Yakifeli, nitakuja kukwambia mwenyewe."